Mkia Nje

“Zima hiyo kitu!”

Kapiteni Léopold alipiga meza, na askari aliyekuwa karibu na mashine akaizima kwa haraka. Ilikuwa ofisi ya kambi ya jeshi, Uvira.

Inspekteri Donatien alibaki amekaa, kofia magotini. Alikuwa ameletwa kutoka Bukavu kwa kazi hii na hakupenda kuletwa. Tangu Uhuru alikuwa amesikia mengi: hotuba, risasi, vilio, halafu hotuba tena. Lakini sauti zilizotoka kwenye ule mkanda hakuwahi kuzisikia maishani. Watu walikuwa wanasema, hilo halikuwa na ubishi, wanaume na wanawake, ila maneno yao yalikuwa kama yanamezwa badala ya kutamkwa. Hata ngoma zao zilikuwa za ajabu. Zilianza chini chini, zikavimba, halafu zikakatika pap! bila kuacha kitu hewani.

“Weye ni mutu ya hapa Kivu,” kapiteni akamwambia. “Hii ni luga gani?”

“Minye sijue, mon capitaine.”

“Haiko Kifuliiru?”

“Hapana.”

“Kirundi?”

“Mama yangu ni Murundi. Ningesikia hata neno moja.”

“Basi ni dawa. Ni maneno ya dawa ya waasi.” Kapiteni alimgeukia mtu aliyesimama mlangoni. “Monsieur Placide, rudilia ile ulisema.”

Placide alikuwa mtu mwembamba mwenye shati jeupe lililopigwa pasi. Ndiye aliyekuwa msaidizi katika maktaba ya muziki ya mtaa wa Nyamianda. “Ni luga ya bafumu, baganga ba kule juu, milimani,” alisema kwa upole. “Ya zamani. Mulinzi wetu Gaspard alikuwa anapanda kule kila mara na mashine. Kitu kama hicho, mon capitaine, bora kuchoma tu. Na haraka.”

Donatien alimtazama. Alikuwa na tabia mbaya ya kutowapenda watu wenye majibu tayari, na tabia hiyo ilikuwa imemgharimu vyeo viwili.

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Baada ya Uhuru, wapenda nyimbo wa nchi nzima waliunda Umoja wa Maktaba za Muziki. Walifungua nyumba katika miji, Uvira ikapata yake, na mlinzi wake akawa Gaspard. Kazi yake ilikuwa kuzunguka na manyetofone, ile mashine ya kunasa sauti: wavuvi wakivuta nyavu ziwani, wakulima wa Luberizi wakivuna mpunga, wachungaji wa Mulenge wakiita ng’ombe. Kila wimbo ulipata mkanda wake na kasha lake, na nakala ilipelekwa kwa maktaba zingine za Umoja ili mji mmoja ukiungua wimbo usiungue nao. Waasi walipoingia Uvira, Gaspard alifukia makasha yote chini ya zizi la mbuzi wake. Jeshi la serikali liliporudi, aliyafukua akayarudisha rafuni. Yote isipokuwa moja. Hilo moja askari walikuwa wamelipata nyumbani kwake, ndani ya chungu cha unga wa muhogo.

“Nani alibaambia mutafute mu chungu?” Donatien aliuliza.

“Mutu mwema,” kapiteni akasema. “Sikiliza, inspekteri. Jua likishuka, lori inaondoka kwenda upande ya uwanda. Gaspard anapanda. Ukiniletea maana ya hii kitu mbele ya jua kushuka, tutasikilizana. Kama hapana, basi.”

Kila mtu Uvira alilijua lile lori. Waliopanda hakuna aliyewahi kuonekana tena, na wake zao walikuwa wameacha kuuliza.

*

Gaspard alikuwa amekaa kwenye sakafu ya stoo ya zamani ya pamba, mdomo umevimba. Alikuwa mtu wa makamo, mabega mapana, na mikono aliyoishika mapajani kama mtu aliyekatazwa kugusa kitu.

“Minye ni Donatien, wa polisi. Nataka unisaidie nikusaidie. Ule mukanda unasema nini?”

“Hausemi kitu.”

“Nimeusikia na masikio yangu.”

Gaspard aliinua kichwa. Kwa mara ya kwanza macho yake yalionyesha woga. “Umesikia nini?”

“Luga sielewi.”

Mtu yule akashusha pumzi. Donatien aliona wazi kabisa: alikuwa amefurahi. Mtu anayekwenda kuuawa kwa sababu ya lugha isiyoeleweka, anafurahi kwamba haijaeleweka. Ala!

“Gaspard, jioni hii banakupakia.”

“Najua.”

“Basi sema!”

“Ichomeni,” Gaspard akasema. “Ile mukanda, muichome. Halafu mufanye na minye ile munataka.”

Donatien alitoka akiwa amekasirika. Mtu aliyehatarisha shingo yake kuficha nyimbo za wavuvi chini ya mavi ya mbuzi, leo anasema choma! Hilo lilikuwa jibu la mtu mwenye hatia, na Donatien hakulipenda, maana alikuwa ameanza kumhurumia.

Hata hivyo alijaribu njia aliyoionyesha Placide. Kila siku Eugène, mfugaji wa Mulenge, alileta maziwa kambini. Donatien akamkalisha mbele ya mashine, askari akafungua sauti. Eugène alisikiliza, akakunja uso, halafu akaanza kucheka mpaka akashika tumbo.

“Hii haiko luga ya mutu yeyote, mukubwa. Minye nimezaliwa kule juu, baba yangu alizaliwa kule. Hakuna mufumu anasema hivi. Hata mulevi hasemi hivi.”

“Na ngoma? Ni za kwenu?”

Eugène aliacha kucheka. Alisikiliza tena. “Ngoma gani hii inaanza kulia mbele ya kupigwa?” aliuliza, akachukua kibuyu chake akaenda zake.

Swali lile lilimkaa Donatien kichwani kama mwiba wa samaki kooni. Alimwomba kapiteni mkanda, akapewa pamoja na askari mmoja wa kumlinda asikimbie nao.

*

Nyumba ya Gaspard ilikuwa Nyamianda, karibu na maktaba. Kabla hajabisha, Donatien alisikia mwanamke akiimba kwa midomo iliyofungwa, wimbo wa kupanda na kushuka, wenye kusita kidogo kila unaporudi mwanzo. Alipokohoa, wimbo ukakatika.

“Hodi, mama.”

Domitille, mke wa Gaspard, alikuwa anachagua ndagala, dagaa wa ziwani, kwenye ungo. Hakusimama. “Karibu. Kama ni kutafuta tena, chungu iko pale. Unga mulimwaga wote.”

“Sitafuti. Nauliza. Ile mukanda mulikuwa munaficha juu ya nini, sababu gani?”

“Mambo ya mashine ni ya bwana yangu.”

“Na ule wimbo ulikuwa unaimba?”

Vidole vyake vilisimama juu ya ndagala. “Wimbo gani? Sikuimba.”

Alikuwa anadanganya, na hakuwa hodari wa kudanganya. Donatien alikaa juu ya kinu bila kukaribishwa. Jikoni palikuwa na sahani mbili zimefunikwa. Nyumba nzima ilikuwa na mtu mmoja, na huyo mmoja hakuonekana kama amekula tangu jana.

“Unangoja mugeni?”

“Placide. Anakuja kula hapa.” Uso wake ulilegea kidogo. “Bantu bote banatukimbia sasa. Yeye hapana. Tangu waasi balimuua kaka yangu Antoine, yule wa posta, Placide hajatuacha. Minye nilikuwa nimemuficha Antoine hapa, darini, juu ya jiko. Hakuna mutu alijua. Hakuna! Halafu balikuja moja kwa moja, balipanda juu, balimushusha.” Alifuta macho kwa kiwiko. “Placide ndiye alibeba musalaba siku ya kuzika. Yeye mbele, bwana yangu nyuma na sanduku.”

“Na Gaspard? Yeye alijua Antoine iko darini?”

“Bwana yangu? Ni yeye aliweka ngazi!”

Hapo ndipo wazo baya lilipomjia Donatien. Watu waliokuja moja kwa moja walikuwa wameambiwa. Aliyeweka ngazi alijua. Na aliyeweka ngazi sasa anataka mkanda uchomwe. Kama Gaspard alimwuza shemeji yake, basi lori la jioni halitakuwa limekosea sana. Aliaga bila kumtazama mama yule usoni.

*

Maktaba ilikuwa chumba kimoja kirefu kilichonuka karatasi na mafuta ya mashine. Makasha yalikuwa rafuni, kila moja na kadi yake: ziwa, uwanda, milima. Placide alikuwa anapangusa vumbi. Askari mlinzi alibaki nje barabarani, akibishana na muuza miwa.

“Umepata maana, inspekteri?”

“Bado. Nataka kwanza kujua kazi yenu. Minye sijawahi kuona hizi mashine zikifanya kazi vizuri. Niwekee wimbo wowote.”

Placide alifurahi. Alitoa kasha la mpunga wa Luberizi, akachukua gurudumu lenye mkanda, akalifunga kwenye mashine. Alipitisha ncha ya mkanda, akabonyeza. Lakini hakuna wimbo uliotoka. Magurudumu mawili yalizunguka mbio, mkanda wote ukahama kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Ndipo akabadilishana magurudumu upande, akabonyeza tena, na wanawake wa Luberizi wakaanza kuimba, na mpunga ukisikika ukipigwa.

Ulikuwa wimbo mzuri. Donatien hakuusikia hata kidogo. Alikuwa anaangalia mikono ya Placide.

“Juu ya nini umeuzungusha kwanza?”

“Ah, hiyo? Ni sheria ya Umoja. Ndiyo kitu cha kwanza balitufundisha.” Placide alisema kwa fahari ya mtu wa kazi. “Mukanda ukikaa umeviringwa, sauti ya duru moja inaambukiza duru ya jirani. Ukiuhifadhi mwanzo ukiwa nje, unasikia kivuli cha wimbo mbele wimbo haujaanza. Ni mubaya sana. Sasa sisi tukimaliza kusikiliza, haturudishi. Tunaacha vile, mwisho ndio uko nje. Tunasema mkia nje. Siku nyingine ukitaka kusikia, unarudisha kwanza.”

“Zote?”

“Zote. Maktaba zote za Umoja.”

“Na mutu asiyejua, akiweka mukanda wa mkia nje kwenye mashine bila kurudisha, atasikia nini?”

Placide alirudi kwenye rafu, akashika kitambaa chake cha vumbi.

Wanawake wa Luberizi waliendelea kuimba. Donatien alisimama, akafunga mlango, akarudi taratibu.

“Atausikia kutoka nyuma kwenda mbele,” alisema. “Maneno yatamezwa. Ngoma itaanza na mwangwi, itamalizika na fimbo. Itakuwa ngoma inayolia mbele ya kupigwa. Mufugaji wa ng’ombe aliliona, minye sikuliona, na kapiteni hakuliona. Sawa, sisi tuko bajinga wa mashine. Lakini weye, Placide? Weye ulisimama pale mulangoni leo. Mikono yako inajua hii kazi hata kichwa kikilala. Ulijua mara ya kwanza ilipolia. Juu ya nini ulisema ni luga ya bafumu?”

“Nilichanganyikiwa, mukubwa. Bunduki, askari…”

“Haya. Basi weka huu. Vile balikufundisha.”

Alitoa mkanda mfukoni mwa koti. Placide hakunyosha mkono. Donatien akafungua kifuniko cha bastola yake, bila kuitoa, na mkono wa Placide ukanyooka. Magurudumu yalizunguka. Donatien alipunguza sauti mpaka ikawa ya watu wawili tu.

Kwanza ilisikika sauti ya Gaspard, nzito, ikitangaza kama alivyozoea kutangaza kila wimbo: “Uvira, kiwanja cha mupira. Ninanasa kwa amri. Wanawake hawa wameletwa kwa bunduki.” Halafu ngoma, safari hii zikianza kwa fimbo kama ngoma zote za dunia. Halafu wanawake wakiwasifu waasi, wengi, na mbele yao sauti moja ikiongoza. Ilipanda, ikashuka, ikasita kidogo ilipofika mwanzo.

Donatien aliijua sauti ile. Alikuwa ameiacha jikoni ikichagua ndagala. Sasa alielewa kwa nini Gaspard alisema ichomeni, na aliona aibu kwa alichokuwa amemfikiria. Mtu yule alikuwa amechagua lori ili mke wake asilipande.

Wimbo uliisha. Watu walisikika wakiondoka, mtu akimwamuru Gaspard apeleke viti. Mashine haikuzimwa. Ikabaki inasikiliza yenyewe, na mbele yake sauti mbili.

“Na karani wa posta?” iliuliza moja, kali.

“Antoine? Haiko mbali. Iko kwa dada yake, Nyamianda, darini, juu ya jiko.” Ilikuwa sauti ya upole. “Mupitie nyuma, kwenye ngazi. Na haraka.”

Placide alinyosha mkono akaizima mashine.

“Uliona mashine inazunguka baada ya kusema,” Donatien akasema. “Tangu siku ile unautafuta. Makasha yaliporudi ukaona moja limekosekana. Ukamwambia kapiteni atafute kwa Gaspard. Ulijua nini balikula mu ile nyumba na balikitia mu chungu gani, maana ulikuwa unakula pale!”

“Balikuwa banataka kuniua!” Placide alilia. “Balisema ni yeye ao ni minye! Weye ungefanya nini?”

“Sijue. Lakini nisingebeba musalaba.”

Placide alipangusa uso. Alipoinua kichwa tena, ujanja ulikuwa umerudi machoni. “Sawa. Mupelekee kapiteni. Atasikiliza toka mwanzo. Atauliza ni nani huyu mama anaongoza wimbo ya waasi. Halafu atauliza nani bale bengine. Nusu ya Nyamianda itapanda lori, mukubwa, na Domitille mbele yao. Ukiniua minye, unabaua bale bote. Chagua.”

Nje, askari alicheka na muuza miwa. Mwanga wa dirishani ulikuwa umeanza kugeuka manjano.

Donatien alimwita askari, akamkabidhi Placide akiwa na pingu, akawaambia wamngoje barabarani. Alifunga mlango tena. Kwenye meza ya maktaba palikuwa na wembe wa kurekebishia mikanda iliyokatika. Aliurudisha mkanda polepole kwa mkono, akatafuta mahali ambapo wanawake wanamaliza na viti vinaanza kuburutwa. Kisha akakata.

*

Kapiteni Léopold alisikiliza kipande cha mwisho mara mbili. Mara ya pili Placide alikuwa amesimama mbele yake, na kapiteni alikuwa anatazama midomo yake.

“Sema, na haraka,” kapiteni akamwambia.

“Imekatwa!” Placide alipiga kelele. “Mon capitaine, ameikata! Kuna mwanzo, kuna banawake, banaimba wimbo ya waasi! Mama ya mbele ni muke wa Gaspard! Muulize! Muulize yeye!”

Kapiteni alimgeukia Donatien. “Iko kweli?”

Donatien hakuwahi kumdanganya mkubwa wake katika kazi. Watu wengine walimwona mpumbavu kwa hilo.

“Mon capitaine,” alisema, “huyu ndiye alikuambia ni luga ya bafumu.”

Kapiteni alitazama mkanda, akamtazama mtu mwembamba mwenye shati jeupe, na hasira ya kufanywa mjinga mbele ya askari wake ikampanda usoni polepole.

“Mufungue yule mwingine,” akasema. “Na huyu mumufunge.”

Walipomchukua, Placide alikuwa bado anataja majina ya wanawake, moja baada ya jingine, na hakuna aliyegeuza kichwa.

*

Gaspard alitembea kando ya Donatien mpaka walipoanza kuona mapaa ya Nyamianda.

“Nimeona gurudumu pale kambini, limepungua,” alisema hatimaye. “Umeukata.”

“Ndiyo.”

“Kwetu hatukati. Hata waasi hawakukata.” Sauti yake ilikuwa na uchungu wa kweli, wa mtu aliyepigwa siku nzima na kuumizwa zaidi na hili. Halafu akauliza kwa kunong’ona, “Kipande cha mwanzo iko wapi?”

“Kasha la mupunga wa Luberizi, chini ya mukanda mwingine.”

“Mkia nje?”

“Mkia nje.”

Gaspard alitikisa kichwa, akaridhika.

Domitille aliwaona wakiingia uani. Hakupiga kelele. Alimshika mume wake mikono yote miwili, akamgusa mdomo uliovimba, akamkalisha jikoni. Kisha akamgeukia Donatien, naye akajua swali kabla halijatoka, maana jibu lake alikuwa amelibeba kutoka maktaba.

“Placide,” alisema. “Ni yeye alibaonyesha ngazi. Nimemusikia. Pole, mama.”

Domitille alisimama palepale. Nyuma yake Gaspard, aliyekuwa hajala tangu alipokamatwa, alifunua sahani iliyokuwa karibu naye, ndagala na ugali, akanyosha mkono.

Mke wake aliinyakua. Akatoka nayo mpaka nyuma ya nyumba, akaimwaga chini kwenye vumbi, sahani na vyote.

“Hiyo ilikuwa ya Placide,” alisema aliporudi. “Ngoja. Nakupikia ingine.”

Akapiga magoti, akaanza kupuliza moto.